Kwa Nini Land Rover Ilichelewa Kuvua Ngoma

Ukitaka kujua kwa nini magari mengi ya zamani yana diski mbele na ngoma nyuma, usianze na mwendo wa gari. Anza na kuegesha. Mimi ni fundi wa Land Rover hapa Arusha, na kazi ninayoletewa sana na madereva wa watalii ni kung'oa ngoma za nyuma za 110 na kufunga diski. Kazi hiyo imenifundisha kwamba historia ya breki za nyuma, kwa sehemu kubwa, ni historia ya handibreki.

Ngoma na diski ni rika moja. Mwaka 1902 Louis Renault alitengeneza breki ya ngoma kule Ufaransa, na mwaka huohuo Mwingereza Frederick Lanchester akasajili hataza ya diski. Diski ya Lanchester ilibanwa na shaba, ikipiga makelele na kulika upesi kwenye barabara za vumbi. Ngoma ilikuwa imefunikwa, ikavumilia. Herbert Frood alipoleta bitana ya breki yenye asbesto mwaka 1908, ngoma ikatawala kwa miongo mingi. Vumbi la asbesto hiyo lilitufikia na sisi. Katika gereji nilizojifunzia, ngoma ikifunguliwa mtu anashika mpira wa kompresa na kupuliza, wote mnavuta, wala hakuna aliyewaza mapafu.

Diski ilirudi kwa mlango wa mashindano. Mwaka 1953 Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop ilishinda saa 24 za Le Mans. Madereva wake waliweza kuchelewa kukanyaga breki kuliko wenzao, kona baada ya kona, na breki zisichoke. Mwaka 1956 Triumph TR3 ikaanza kuuzwa na diski, lakini za mbele tu. Mpangilio huo wa diski mbele na ngoma nyuma ndio viwanda vingi viliufuata. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, kwa hiyo nyuma hapahitaji nguvu nyingi. Halafu kuna handibreki. Shuu inayotangulia, ikigusa ngoma inayozunguka, huvutwa nayo na kujigandamiza yenyewe, hivyo waya na mkono wa dereva vinatosha kulishika gari mlimani. Diski haijikazi namna hiyo. Inadai kalipa yenye mtambo wake wa waya, au ngoma ndogo ifichwe katikati ya diski, na vyote viwili ni gharama.

Sasa Land Rover haikuwa na kisingizio hicho. Tangu ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, handibreki yake haikukaa magurudumuni. Ilikuwa ngoma ya peke yake nyuma ya giaboksi, ikibana propela shafti. Ungeweza kufunga diski nyuma bila kuigusa handibreki hata kidogo. Range Rover ya mwaka 1970 ilithibitisha hilo: ndugu wa damu, handibreki yake nayo iko kwenye propela, na diski ziko miguu yote minne. Lakini Land Rover 109, iliyoitangulia 110, ilikwenda na ngoma mtindo mmoja mpaka ikaacha kutengenezwa mwaka 1985. Hata 110 ya mwaka 1983 ilipewa diski mbele tu. Nyuma ikasubiri mpaka miaka ya 1990. Kwa maoni yangu, hapo hakukuwa na suala la ufundi. Range Rover ilimlenga mwenye pesa anayekimbia kwenye lami. Land Rover ilinunuliwa na majeshi, misheni na idara za serikali, wateja wanaotaka spea ya leo iingie kwenye gari la jana.

Huku kwetu ngoma hizo zilikutana na milima. Kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu unateremka ukuta wa Bonde la Ufa. Kuingia Ngorongoro kwa njia ya Seneto, ya kushukia tu, unaelekea kwenye shimo lenye kina cha mita 600 hivi. Ngoma ikipata moto inatanuka na kuikimbia shuu, pedali inazama, dereva anabaki kupampu. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, tena iko wazi, upepo unaipoza. Ndiyo maana wazee wa 109 walikuwa na sheria moja: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Na ndiyo maana utingo hakukosa jiwe au gogo. Handibreki ya propela nayo ina ila yake: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia lizunguke na gari linaweza kuondoka. Ukiivuta gari likiwa mwendoni, mshtuko wote unapigwa kwenye propela na difu.

Kazi yenyewe ya kufunga diski nyuma ilianza kushika kasi huku pale 110 zenye diski nyuma zilipoanza kuanguka na kuuzwa spea. Unapata ekseli nzima, aina ya Salisbury, na diski zake, unaifunga mahali pa ile ya zamani. Wengine huleta ekseli ya Discovery kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Hapo umepata breki na kupoteza difu, maana Salisbury ni ngumu zaidi kwa gari lililorefushwa na kujazwa watalii. Baadaye inakuja habari ya mafuta ya breki. Mfumo wa ngoma mara nyingi huacha mgandamizo kidogo ndani ya bomba. Ukiuacha kwenye diski, pedi zinaburuta na kuchemka, kwa hiyo vali inayoushikilia mgandamizo huo itolewe. Masta silinda nayo iweze kusukuma mafuta ya kutosha kalipa, na nguvu ya nyuma isizidi ya mbele, la sivyo magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza na mkia utataka kutangulia. Toa upepo, kajaribu gari tupu, halafu kajaribu likiwa na mzigo.

Nani kasema ngoma imekufa? Mwaka 2020 Volkswagen ilileta ID.3, gari la umeme, likiwa na ngoma nyuma. Mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, na breki isiyofanya kazi kila siku ni heri ifunikwe kuliko iote kutu.

Kwa hiyo kijana akija na kuniambia, "Mzee, nipigie diski nyuma," namuuliza anashuka wapi, anabeba nini, na handibreki yake iko wapi. Mwenye 110 ya kushuka kreta msimu mzima namwambia alete ekseli, tufunge. Mwenye pikapu ya kubebea ndizi za sokoni, yenye handibreki kwenye ngoma zilezile za nyuma, namwambia achonge ngoma, abadili shuu na wili silinda, na pesa inayobaki anunue matairi.