Kutoka Tundu la Koo hadi Barakoa: Historia ya Tiba ya Shinikizo la Hewa kwa Wagonjwa wa Apnia ya Usingizi, 1956–2021

1.0 Utangulizi

Apnia ya usingizi ni hali ambayo pumzi ya mtu aliyelala hukatika mara kwa mara, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Katika aina yake iliyoenea zaidi, misuli ya koo hulegea, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma, na njia ya hewa hujifunga ilhali kifua kinaendelea kuvuta. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mgonjwa huzinduka kwa mkoromo mkubwa, kisha hulala tena bila kukumbuka lolote. Tukio hilo likijirudia mara mamia kwa usiku mmoja, mchana wake huwa ni kupambana na usingizi tu.

Tangu 1981, tiba kuu ya ugonjwa huu imekuwa mashine inayosukuma hewa ya kawaida ya chumbani, kwa shinikizo lisilokatika, kupitia barakoa inayofunika pua. Masimulizi yaliyozoeleka huutazama uvumbuzi huo kama mwisho wa tatizo: mhandisi na daktari walikutana, njia ya hewa ikafunguka, mgonjwa akalala. Insha hii inajenga hoja kwamba mwaka huo haukumaliza tatizo bali ulilihamisha. Ubora wa mashine ulikuwa kwamba mgonjwa aliweza kuivaa na kuivua bila kukatwa mwili. Hata hivyo, tiba inayoweza kuvuliwa ni tiba inayoweza kukataliwa, na historia yote iliyofuata ni historia ya jambo hilo.

2.0 Ugonjwa kabla ya mashine

Mwaka 1956, madaktari wa Marekani wakiongozwa na C. Sidney Burwell walichapisha habari za mgonjwa mnene sana, mwenye umri wa miaka 51, aliyekwenda hospitali baada ya kusinzia katikati ya mchezo wa karata akiwa ameshika karata za ushindi. Waliiita hali yake kwa jina la riwaya ya Charles Dickens, The Pickwick Papers (1836–1837), ambamo kijana mtumishi mnene, Joe, husinzia kila aketipo. Jina hilo lilivutia, lakini lilielekeza macho ya watafiti mahali pasipostahili. Usingizi wa mchana ulielezwa kuwa ni matokeo ya unene na ya kulimbikizana kwa hewa ukaa katika damu. Ni wachache mno waliokuwa wamemtazama mgonjwa wa namna hiyo kwa makini alipokuwa amelala.

Hatua hiyo ilifikiwa mwaka 1965, pale Richard Jung na Wolfgang Kuhlo mjini Freiburg, Ujerumani Magharibi, na kundi la Henri Gastaut mjini Marseille, Ufaransa, walipofanya uchunguzi, kila upande kivyake. Walirekodi mawimbi ya ubongo pamoja na upumuaji wa mgonjwa aliyelala, na wakaona pumzi ikikatika na kurudi tena na tena. Ilidhihirika kwamba kasoro iliyoonekana mchana ilikuwa na chanzo chake usiku. Mwaka 1976, Christian Guilleminault, Ara Tilkian na William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford waliupa ugonjwa mipaka inayopimika: vipindi 30 au zaidi vya kukatika pumzi katika usingizi wa saa 7.

Tiba nayo ilitokana na mantiki ya kuziba kwa njia. Mwaka 1969, Kuhlo na wenzake waliripoti mafanikio ya trakeostomia ya kudumu, yaani kutoboa shingo na kuweka mrija kwenye koo la hewa chini ya mahali panapoziba. Mgonjwa aliufunga mrija huo mchana ili aweze kusema na kuufungua usiku ili aweze kupumua. Matokeo yalikuwa ya haraka na ya kuaminika. Gharama yake, hata hivyo, ilikuwa kidonda cha kuuguza maisha yote, makohozi ya kusafisha kila siku, hatari ya maambukizi, na aibu mbele za watu. Kwa sababu hiyo tundu lilitobolewa kwa waliozidiwa tu, na wagonjwa wengi walikataa.

3.0 Sydney, 1980–1981

Wazo la kutumia shinikizo la hewa halikuanzia katika utafiti wa usingizi. Mwaka 1971, George Gregory na wenzake wa San Francisco walikuwa wameonyesha kwamba shinikizo lisilokatika huzuia mapafu ya watoto njiti kusinyaa. Kati ya watoto 20 waliotibiwa, 16 walipona. Hapo shinikizo lililengwa kwenye mapafu. Lililobaki ni mtu wa kuliona koo lenyewe kuwa mrija unaoweza kutegemezwa na hewa.

Mtu huyo alikuwa Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney, aliyerejea Australia baada ya kuchunguza upumuaji wa mbwa waliolala katika maabara ya Eliot Phillipson mjini Toronto. Mnamo Juni 1980, mgonjwa aliyekuwa ameelekezwa kufanyiwa trakeostomia alikubali kujaribiwa kwa usiku mmoja. Shinikizo lilipandishwa kidogo kidogo hadi pumzi ikaacha kukatika, na mgonjwa akazama katika usingizi mzito. Lilipopunguzwa, koo liliziba tena. Kwa kupandisha na kushusha, watafiti waliweza kuuwasha na kuuzima ugonjwa wapendavyo. Inabainika hapa kwamba usiku ule ulikuwa kwanza uthibitisho wa chanzo cha ugonjwa, ndipo ukawa tiba.

Makala iliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Aprili 1981 na Sullivan, Faiq Issa, Michael Berthon-Jones na Lorraine Eves ilihusu wagonjwa 5. Shinikizo la sentimita 4.5 hadi 10 za maji, ambalo ni dogo sana, lilitosha kuzuia kuziba kwa njia ya hewa kwa kila mmoja. Waandishi walilifananisha na banzi: kama vile banzi lishikiliavyo mfupa uliovunjika, hewa ilishikilia kuta za koo zisikutane. Mfano huo unafaa, ila una tofauti moja ambayo makala haikuizungumzia. Mfupa huunga na banzi likaondolewa, koo haliungi. Banzi hili lilihitajika usiku uliofuata, na kila usiku baada ya huo.

4.0 Kutoka maabara hadi kitandani

Makala hiyo iliieleza barakoa kuwa haimsumbui mvaaji na tiba kuwa salama na rahisi. Kwa kulinganisha na kisu, maelezo hayo yalikuwa ya haki. Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Barakoa za mwanzo ziligandishwa usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku na kubanduliwa asubuhi. Injini za kusukuma hewa zilikuwa kubwa na zenye kelele. Mashine ilidai umeme usiokatika, barakoa isiyovuja, pua isiyoziba, na mwenzi anayevumilia mngurumo kitandani.

Viwanda viliingia kujibu madai hayo. Respironics ya Marekani ilianza kuuza mashine zake katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1989 ikaundwa ResCare ya Australia, ambayo baadaye iliitwa ResMed. Mambo mengi waliyoshindania hayakuhusu kama hewa hufungua koo. Hilo lilikuwa limekwisha. Yalihusu mto laini wa barakoa, unyevu wa hewa, ukimya wa injini, na mashine zinazojirekebishia shinikizo. Kwa maneno mengine, ubunifu wa kibiashara ulielekezwa kwenye ridhaa ya mtumiaji.

5.0 Saa 4 za usiku

Haja ya kurekebisha tiba ilikuwa kubwa. Mwaka 1993, Terry Young na wenzake wa Wisconsin walikadiria kwamba asilimia 2 ya wanawake na asilimia 4 ya wanaume wa umri wa miaka 30 hadi 60 walikuwa na apnia iliyoambatana na usingizi wa mchana. Mwaka huohuo, Nancy Kribbs na wenzake walichapisha matokeo ya vifaa vya kurekodi vilivyowekwa ndani ya mashine za wagonjwa 35. Wengi wao walidai kuitumia mashine kila usiku, lakini ni asilimia 46 tu waliofikia angalau saa 4 katika asilimia 70 ya siku. Kipimo hicho kiliwekwa na watafiti kwa ajili ya kupanga takwimu. Kufikia 2008, kilikuwa kimegeuka kuwa sharti la bima ya afya ya wazee nchini Marekani kuendelea kulipia mashine.

Swali la ridhaa ndilo pia lililovuruga ushahidi. Mwaka 1999, kundi la Oxford liliwagawa wanaume 107 kwa nasibu, baadhi wakipewa shinikizo halisi na wengine shinikizo lisilotosha. Usingizi wa mchana ulipungua sana kwa waliopata shinikizo halisi. Jaribio kubwa la SAVE, lililochapishwa 2016 na kuhusisha watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, lilionyesha kwamba mashine haikupunguza matukio ya moyo na kiharusi, ingawa ilipunguza usingizi wa mchana na kuboresha maisha. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Je, tiba ilishindwa, au haikutumika vya kutosha? Trakeostomia isingeweza kuzua swali kama hilo, kwa kuwa tundu halivuliwi usiku wa manane.

Tukio la Juni 2021 linathibitisha mwelekeo huohuo. Kampuni ya Philips iliita zirudishwe mamilioni ya mashine baada ya kubainika kwamba sifongo iliyokuwa ndani yake ingeweza kuchakaa na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Sifongo hiyo haikuwa na kazi yoyote katika kufungua koo. Iliwekwa kupunguza kelele, ili mashine ivumilike kitandani.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba uvumbuzi wa 1980–1981 uliihamisha tiba kutoka mkono wa mpasuaji hadi mkono wa mgonjwa. Gundi, ukimya wa injini, saa 4, na sifongo ni hatua za mvutano mmoja kati ya shinikizo linalotosha koo na shinikizo linalovumilika kwa mwenye koo. Kwa mantiki hii, mgonjwa anayeitwa mkaidi katika kumbukumbu za kliniki astahili kusomwa kama mshiriki wa uvumbuzi wenyewe, kwa kuwa kila alipoivua barakoa aliilazimisha mashine ibadilike. Aidha, tathmini ya tiba hii popote inapopelekwa haina budi kuanzia chumbani: kama umeme hukesha, kama barakoa iliyochakaa hupatikana nyingine, na kama alalaye yu tayari kuivaa tena kesho.