Shabiki akigeuka adui, mtunzi wa katuni amjibuje?

Mwishoni mwa mwaka 2012, mtunzi mmoja wa vitabu vya katuni nchini Marekani, Dan Slott, alianza kupokea vitisho vya kuuawa kupitia mtandao wa Twitter, ambao siku hizi unaitwa X. Hakuwa amemdhulumu mtu. Alikuwa amemuua Peter Parker, yule kijana anayevaa vazi la Spider-Man, na kumuua kwenyewe ni kwa karatasi na wino.

Wengi wetu tunamjua Spider-Man kutoka kwenye sinema za vibanda vya video. Lakini kabla ya sinema alikuwa mhusika wa kijitabu cha katuni, tangu mwaka 1962. Ili kuelewa kwa nini mtu mzima anaweza kumtishia mwenzake kwa sababu ya mhusika wa kubuni, ni vizuri kwanza kujua vijitabu hivyo hutengenezwaje.

Mtunzi ni mgeni, shabiki ni mwenyeji

Kijitabu cha katuni cha Kimarekani ni chembamba, kwa kawaida kurasa ishirini na kitu, na mfululizo mwingi hutoka kila mwezi. Mtunzi huandika hadithi, mchoraji huchora, mwingine hupaka rangi, mwingine huandika maneno ndani ya vipovu, na mhariri husimamia wote. Mhusika maarufu kama Spider-Man, Batman au Captain America si mali ya mtunzi. Ni mali ya kampuni, na kampuni mbili kubwa ni Marvel na DC. Mtunzi huandika miaka kadhaa kisha humpisha mwingine.

Shabiki yeye hapishi mtu. Anaweza kuwa amemsoma Spider-Man tangu utotoni, miaka thelathini mfululizo. Akija mtunzi mpya na kubadili mambo, shabiki humwona kama mgeni aliyeingia nyumbani na kuanza kuhamisha samani bila kuuliza. Hisia hiyo si ya kuchekwa. Kampuni zenyewe hupata pesa kwa sababu watu huwapenda wahusika hao kama ndugu zao.

Jambo la pili ni hilo la kila mwezi. Msomaji huiona hadithi kipande kwa kipande. Mtunzi anajua itaishia wapi, na hawezi kusema, maana akisema hakuna atakayenunua toleo linalofuata. Kwa hiyo ugomvi mwingi huzuka katikati ya hadithi, wakati mmoja anajua mwisho na mwingine hajui.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Slott. Katika hadithi iliyofikia kilele kwenye toleo la 700 la The Amazing Spider-Man, lililotoka tarehe 26 Desemba 2012, adui wa siku nyingi aitwaye Doctor Octopus anahamisha akili yake na kuingia katika mwili wa Peter Parker. Peter anabaki ndani ya mwili wa adui, mwili unaokufa, na anakufa nao. Habari zilivuja kabla kitabu hakijafika madukani, na hasira ikaanza hata kwa watu ambao hawakuwa wamesoma ukurasa mmoja. Hadithi ikaendelea kwa jina la The Superior Spider-Man kuanzia Januari 2013, matoleo 31. Mwezi Aprili 2014 Peter Parker akarudi. Slott aliendelea kumwandika Spider-Man hadi mwaka 2018.

Fikiria angejaribu kutuliza watu kwa kusema, "Jamani, msijali, atarudi." Kazi ya zaidi ya mwaka mzima ingekuwa imeharibika kwa sentensi moja, na wanaotukana wangetafuta jambo lingine la kutukania. Mtunzi asiuze mwisho wa hadithi yake ili anunue amani ya siku mbili.

Hasira nyingine ina haki yake

Si kila anayekasirika ni mhuni. Mwezi Mei 2016, Marvel ilitoa toleo la kwanza la mfululizo mpya wa Captain America ulioandikwa na Nick Spencer. Katika ukurasa wa mwisho, shujaa huyo anatamka salamu ya Hydra, kundi la waovu ambalo katika hadithi za Marvel limehusishwa kwa miaka mingi na Wanazi. Spencer naye akatishiwa kuuawa.

Lakini humo humo kwenye kelele walikuwapo Wayahudi waliosema jambo la kweli. Captain America alibuniwa na vijana wawili wa Kiyahudi wa New York, Joe Simon na Jack Kirby. Toleo lake la kwanza lilitoka mwishoni mwa mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani, na kwenye jalada shujaa anampiga Hitler ngumi ya taya. Kumwona mhusika huyo akigeuzwa mtu wa Hydra kuliwauma kwa namna ambayo haifanani na ya mtu aliyekasirika kwa sababu vazi limebadilishwa rangi.

Toleo la pili lilieleza kwamba kumbukumbu za shujaa huyo zilikuwa zimechezewa kwa nguvu za ajabu. Hadithi ilipozidi kuwa kubwa mwaka 2017, kampuni ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari ikiomba wasomaji wavumilie hadi mwisho kabla ya kuhukumu. Mwisho ulifika Agosti 2017, na Captain America wa kweli akarudi. Kwa maoni yangu, ombi la "subirini" lilikuwa sahihi kwa waliotaka kujua hadithi inakwenda wapi, lakini halikumjibu aliyesema ameumia. Kwake huyo palihitajika neno fupi tu: tumekusikia, tunajua mhusika huyu ana historia gani, na tulipoandika tuliikumbuka. Neno kama hilo halifichui siri yoyote ya hadithi.

Kwa hiyo kabla ya kujibu chochote, mtunzi aangalie ujumbe unasema nini hasa. Anayesema "hadithi hii ni mbaya kwa sababu hii na hii" ni msomaji, na amelipa pesa yake. Anaweza kujibiwa kwa upole mara moja, au asijibiwe kabisa. Kubishana naye mara tano hakujawahi kumfanya msomaji aipende hadithi asiyoipenda. Anayeacha kitabu na kuanza kumtukana mtunzi mwenyewe, sura yake, dini yake au jinsia yake, huyo hana swali la kujibiwa. Afungiwe mlango: kwenye simu kuna kitufe cha kumnyamazisha mtu usione anayoandika bila yeye kujua, na kuna cha kumzuia kabisa. Anayetishia kudhuru mwili wa mtu yuko kundi lingine, na tutamrudia.

Kuna kosa moja ambalo watunzi wenye jina hulifanya wakidhani wanajitetea. Mtu mwenye wafuasi arobaini anaandika upuuzi, mtunzi mwenye wafuasi laki moja anauchukua na kuuanika kwa watu wake. Ndani ya saa moja yule wa arobaini anashambuliwa na mamia ya watu. Hata kama ndiye aliyeanza, hapo aliye na nguvu ni mtunzi, na wasomaji waliokuwa upande wake huanza kumtazama kwa jicho jingine.

Matusi madogo ya kila siku

Tunapozungumzia uhasama mtandaoni tunafikiria vitisho vikubwa. Chelsea Cain alionyesha upande mwingine. Ni mwandishi wa riwaya za uhalifu aliyeitwa na Marvel kuandika mfululizo wa Mockingbird. Jalada la toleo la 8, la Oktoba 2016, lilichorwa na Joëlle Jones, na lilimwonyesha shujaa huyo wa kike amevaa fulana yenye maandishi ya kuwaalika watu wamuulize kuhusu ajenda yake ya kutetea wanawake. Mfululizo ulikuwa tayari umesitishwa. Hata hivyo matusi yalimiminika, na Cain akafunga akaunti yake ya Twitter.

Watu wengi walidhani alikimbia vitisho vya kubakwa au kuanikwa kwa anwani ya nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alieleza kwamba sivyo. Kilichomwondoa ni matusi ya kawaida, yale ya kila siku, ambayo aliamua hataki kuendelea kuishi nayo. Nadhani maelezo hayo yana faida kubwa kwa yeyote anayefanya kazi mbele ya watu. Huhitaji kusubiri hadi ukatishiwe panga ndipo uwe na haki ya kuondoka. Maji ya matone nayo hujaza ndoo.

Baada ya yeye kuondoka, wasomaji na watunzi wenzake walijitokeza kumuunga mkono, na kitabu kilichokusanya matoleo ya Mockingbird kikanunuliwa kwa wingi. Mwaka uliofuata, Julai 2017, mhariri wa Marvel Heather Antos alituma picha yake na wanawake wenzake wa ofisini wakinywa maziwa yaliyochanganywa na aiskrimu, kumkumbuka Flo Steinberg, mfanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo aliyekuwa amefariki siku chache kabla. Kwa picha hiyo tu wakatukanwa. Watu wa fani hiyo hawakujibu kwa matusi. Walianza kutuma picha zao wenyewe wakinywa kinywaji kilekile, hadi picha hizo zikawa nyingi kuliko kelele.

Ona kwamba katika visa vyote viwili aliyeshambuliwa hakulazimika kujitetea peke yake. Jirani akisimama nawe, maneno yako mwenyewe yanaweza kuwa machache.

Vipi tukiwaachia mashabiki waamue?

Wapo wanaosema dawa ni kuwapa mashabiki usukani. DC ilijaribu, miaka mingi kabla ya mitandao ya kijamii, na ilitumia simu. Mwaka 1988 msaidizi wa Batman, Robin, alikuwa kijana aitwaye Jason Todd, na wasomaji wengi walimchukia. Toleo la 427 la Batman liliishia kwenye mlipuko, likatoa namba mbili za simu: moja ya kumwacha aishi, nyingine ya kumuua. Kila simu ilikuwa senti 50, na muda ulikuwa saa 36. Waliotaka aishi walikuwa 5,271, waliotaka afe 5,343. Kijana akafa kwa tofauti ya kura 72.

Je, amani ilipatikana? Hapana. Miongoni mwa walioikosoa kampuni vikali alikuwa Frank Miller, mwenyewe mtunzi maarufu wa Batman. Mhariri Dennis O'Neil alisimulia baadaye kwamba alisikia kuna mtu mmoja aliyeiagiza kompyuta yake ipige namba ya kifo mfululizo. Msikilizaji aliyewahi kumpigia kura msanii kwa ujumbe wa simu anajua mchezo huo. Na mwaka 2005 Jason Todd alifufuliwa. Kumsikiliza shabiki ni jambo jema, lakini aliyeandika ndiye atakayebeba lawama mwishoni, basi ni afadhali abebe kwa uamuzi wake mwenyewe.

Vitisho vya kweli

Turudi kwa wale wanaotishia. Jambo hili halikuzaliwa na mtandao. Simon na Kirby walipomchora Hitler akipigwa, walipata barua za chuki na simu za vitisho kutoka kwa Wamarekani waliokuwa wakiwaunga mkono Wanazi. Simon alieleza kwamba watu wasiojulikana walianza kuonekana nje ya jengo la ofisi yao. Wawili hao hawakwenda nje kubishana nao. Polisi waliitwa, ulinzi ukawekwa, na meya wa New York, Fiorello La Guardia, akapiga simu mwenyewe kuwahakikishia usalama. Wao wakaendelea kuchora.

Utaratibu huo bado unafaa. Kitisho cha kuua au kudhuru hakijibiwi, hata kwa mzaha, na hakifutwi. Kifutwe cha nini, ilhali ndicho ushahidi? Piga picha ya kioo cha simu, ionyeshe jina la akaunti, tarehe na saa. Mtumie mtu mmoja unayemwamini nakala, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini. Ripoti ujumbe kwa mtandao wenyewe, kisha mzuie mtumaji. Kama unafanyia kazi kampuni au gazeti, mweleze mhariri siku hiyo hiyo: kazi ni yao pia, na hawapaswi kukuachia mzigo peke yako. Na kwa siku hizo usitume picha zinazoonyesha ulipo, nyumba yako, wala sare ya shule ya mtoto wako.

Kwa wachoraji wetu wa hapa, ambao wengi huanzia kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018. Zote mbili zinakataza kumtisha au kumnyanyasa mtu kwa ujumbe wa kielektroniki. Ukienda kituo cha polisi, nenda na simu yenyewe iliyopokea ujumbe, si nakala peke yake, na uwe umeandika kwenye karatasi ni lini vitisho vilianza na vimekuja kupitia akaunti au namba zipi.