Wanamuziki wa ziara: maisha ya barabarani na sauti zinazotoka porini

Misigiri ni njia panda. Anayetoka Singida mjini hapa ndipo anapochepuka kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Anayenyoosha anateremka Mlima Sekenke, anakata mbuga ya Wembere na kuendelea Igunga, Nzega hadi Mwanza. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza kwa njia hii ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa miaka mingi wanamuziki wa Tanzania wamekuwa miongoni mwa wasafiri wake. Wasikilizaji wengi wanawajua kwa sauti tu. Makala haya yanaeleza wanaishije wakiwa njiani, na kwa nini mwanamuziki wa asili, hata akifika Ulaya, bado anaitegemea miti na mifugo ya kwao.

Ziara huendeshwaje?

Ziara ya muziki ni biashara ya siku kwa siku. Katika muziki wa dansi, makubaliano yaliyozoeleka ni kwamba bendi inachukua kiingilio cha mlangoni na mwenye ukumbi anachukua mauzo ya vinywaji. Watu wakija wachache, bendi inalala na deni la mafuta, chakula na nyumba ya wageni, na kesho yake lazima iende mji unaofuata ikatafute ya kulipia jana. Ndiyo maana gari la matangazo hutangulia mchana kuzunguka mitaani na sokoni.

Kalenda ya ziara mikoani inafuata kilimo. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo watu wako shambani, na zamani barabara za vumbi zilikuwa hazipitiki. Baada ya mavuno, alizeti na vitunguu vikishauzwa, fedha inakuwepo mfukoni na jioni watu wana nafasi. Mvua zikikosekana mkulima anakosa mavuno, na mwanamuziki naye anakosa wa kumlipa kiingilio.

Jambo jingine ni umiliki wa vyombo. Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa za taasisi, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Magitaa na maspika yalikuwa mali ya taasisi. Mwanamuziki aliyeacha kazi aliondoka na kipaji chake tu.

Hukwe Zawose: mchunga ng'ombe aliyezunguka dunia

Mfano mzuri wa mwanamuziki wa ziara aliyebeba mazingira ya kwao ni jirani yetu, Hukwe Ubi Zawose. Alikuwa Mgogo wa kijiji cha Doguwe, Dodoma. Wagogo wako pia mkoani kwetu, upande wa Manyoni, kwa hiyo muziki wake si mgeni Singida. Alikua akichunga ng'ombe, na kupiga vyombo alijifunza nyumbani kwao. Mwalimu Nyerere aliposikia habari zake alimwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akafanya kazi Bagamoyo, penye chuo cha sanaa ambacho sasa kinaitwa TaSUBa.

Katikati ya miaka ya 1980 alifanya ziara Uingereza, na mwaka 1985 akarekodi London albamu ya Tanzania Yetu. Kuanzia hapo alipanda majukwaa ya Ulaya, Japani na Marekani, mara nyingi akiwa na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake. Kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel ilitoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996, na mwaka 2002 ikatoa Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Alifariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Sauti hiyo inatoka wapi?

Vyombo vya Kigogo ni orodha ya vitu vya porini na zizini. Zeze linatengenezwa kwa kibuyu, fimbo na nyuzi, na linapigwa kwa upinde. Ngoma ya muheme, ambayo kwa desturi ni ya akina mama, inahitaji gogo la mti na ngozi. Njuga na kayamba huenda na miguu na mikono ya wachezaji.

Chombo kilichompa Zawose sifa zaidi ni ilimba, aina ya marimba ya mkononi: sanduku la mbao lenye vijiti vingi vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole. Kwenye matundu ya sanduku hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Kijiti kikilia, utando unatetemeka na kutoa mvumo mwembamba. Asiyejua anaweza kudhani spika ni mbovu, kumbe mvumo huo ni sehemu ya muziki. Fundi wa ilimba anapaswa kujua buibui huyo anapatikana wapi.

Hata upangaji wa sauti una asili yake. Uzi uliokazwa ukiguswa kidogo tu mahali fulani wakati unapigwa, hutoa sauti za juu zaidi zinazofuatana kwa mpangilio wa kimaumbile. Wagogo wamepanga muziki wao kwa kufuata mpangilio huo. Ndiyo maana ukijaribu kuupiga kwenye kinanda cha umeme baadhi ya sauti hazikai sawa. Wanaorekodi vikundi vyetu wasikimbilie kusema waimbaji wametoka nje ya ufunguo.

Vyombo hivi havisafiri kirahisi. Ngozi ikinyonya unyevu wa pwani inalegea, na kwa kawaida hukazwa kwa jua au kwa kuota moto kabla ya ngoma. Katika ukumbi wa ghorofa huko ughaibuni hakuna wa kukuruhusu uwashe moto nyuma ya jukwaa. Kibuyu nacho kikigongwa njiani kinapasuka, na duka la vibuyu huko haliko. Msanii anarudi nyumbani kutafuta kingine.

Anachokiona msafiri, na kinachomtishia

Njia ya kanda ya kati ina mengi ya kumfurahisha anayependa maumbile: mibuyu ya Dodoma, mawe makubwa ya Singida, heroe kwenye maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, kisha mteremko wa Sekenke unapoifungua Wembere yote mbele ya macho. Lakini ratiba ya ziara haimpi mtu nafasi ya kutazama. Onyesho linaisha usiku wa manane, vyombo vinapakiwa, na safari inaanza dereva akiwa hajalala.

Muziki wetu umelipa gharama hiyo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari Morogoro mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Japani na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Wote wawili walikuwa bado vijana wenye nguvu ya kazi. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi, lakini gari la kukodi la wasanii halina dereva wa pili isipokuwa wenyewe wamuweke.

Tishio la pili linakwenda polepole, nalo ni ukataji miti. Pembeni mwa barabara hii utaona magunia ya mkaa yamepangwa, yakisubiri magari yanayorudi mijini. Familia nyingi zinapata ada na chakula kutokana na magunia hayo, kwa hiyo kuwalaumu wauzaji peke yao si haki. Hata hivyo mti uliogeuka mkaa hautatoa gogo la ngoma, wala hautabeba mzinga wa nyuki wala kumpa mchungaji kivuli. Kijana asiyechunga wala kuingia porini hatajua utando wa buibui unatafutwa wapi. Ujuzi huo unaweza kupotea hata kama nyimbo zimehifadhiwa kwenye simu.

Je, miti inarudi?

Inarudi, na mifano iko pande zote mbili za barabara yetu. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwasaidia wananchi kufufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Dodoma, shirika la LEAD Foundation linafundisha njia ya Kisiki Hai: badala ya kununua miche, mkulima anachagua machipukizi bora ya kisiki kilichobaki shambani, anapogoa mengine, anaweka alama na kuyalinda. Mizizi iko tayari ardhini, kwa hiyo mti hukua haraka kuliko mche mpya. Ujumbe huo umepelekwa vijijini pia kwa maonyesho ya filamu ya kuzunguka, njia ileile ya ziara ambayo wanamuziki wanaijua.

Ukoo wa Zawose nao unaendelea. Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wanaimba kwa jina la The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu ya Maisha. Wanapiga zeze na ilimba, vyombo ambavyo kwa desturi vilikuwa vya wanaume.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza ziara

Vikundi vya ngoma vya Iramba na Mkalama hutuuliza waanzie wapi. Haya ni ya msingi:

Jisajilini BASATA, na kazi zenu mzisajili COSOTA ili haki zenu zitambulike.

Andikeni makubaliano na mwenye ukumbi kabla ya kupanda gari: kiingilio ni cha nani, chakula na malazi ni juu ya nani, na mvua ikinyesha inakuwaje.

Pangeni kulala palepale mlipopiga. Nyumba ya wageni kwa usiku mmoja ni nafuu kuliko msiba.

Bebeni ngozi, nyuzi na kibuyu cha akiba, na muwe na mtu mmoja kikundini anayejua kuvitengeneza.

Mwisho, chagueni visiki vitano au kumi kwenye mashamba yenu wenyewe, vyenye miti ambayo mafundi wenu wa ngoma huitumia, na mvitunze kwa njia ya Kisiki Hai. Mzee fundi aliyepo kijijini ndiye wa kuwaonyesha ni miti ipi. Muulizeni mapema, kabla hamjaanza kupanga safari.