Unanunua Triumph Bonneville ya zamani? Hivi ndivyo utajua ni ya mwaka gani

Muuzaji anasema ni ya 1970. Kadi nayo inasema 1970. Lakini injini ina herufi PE, na mnunuzi anayejua kuzisoma anaona hapohapo kwamba pikipiki hii ni modeli ya 1971.

Nani kadanganya? Huenda hakuna. Ndiyo maana Bonneville inawachanganya watu, na ndiyo maana wengine wanapigwa pesa ndefu.

Pikipiki hii ilikuwa ikiundwa Meriden, karibu na Coventry, Uingereza. Ilitoka kama modeli ya 1959, ikapewa jina la jangwa la chumvi la Bonneville kule Utah, Marekani, ambako watu huenda kuvunja rekodi za mwendo. Iliuzwa kwa wingi Marekani, na mpaka leo ukitafuta mtandaoni nyingi unazozikuta zinatokea huko au Uingereza.

Anza na namba, sio rangi

Rangi hupakwa upya. Tangi hubadilishwa. Siti ndio kabisa. Kwa hiyo usikimbilie kutazama tangi linavyong'aa, inama kwanza.

Namba ya injini iko upande wa kushoto, chini kidogo ya silinda. Namba ya fremu iko upande wa kushoto pia, karibu na shingo ya usukani. Kwa zile za kuanzia 1963, namba hizi mbili zilitoka kiwandani zikiwa sawa. Zikitofautiana, injini na fremu vimetoka kwenye pikipiki mbili. Hilo halimaanishi ni ya wizi, lakini bei lazima ishuke.

Namba ya injini hubeba pia jina la modeli. Bonneville ya 650 ni T120, wakati mwingine na herufi nyuma yake kama T120R. Ya 750, iliyoanza 1973, ni T140. Ukikuta TR6, hiyo ni ndugu yake yenye kabureta moja. Bonneville ya miaka ya 1960 ina mbili. Kuna wajanja wanaofunga kabureta ya pili kwenye TR6, wanasaga namba kwa tupa na kugonga T120. Kuanzia 1969 kiwanda kilijibu mchezo huo: sehemu ya kugongea namba iliwekwa alama ndogondogo za jina Triumph, zikijirudia. Kama alama zimefutika chini ya namba, shtuka.

Herufi mbili zinazosema kila kitu

Kati ya 1963 na 1969 namba zilianza na DU. Baada ya hapo ukaja mfumo wa herufi mbili, ambao BSA pia waliutumia.

Herufi ya kwanza ni mwezi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba.

Ya pili ni mwaka wa modeli: C 1969, D 1970, E 1971, G 1972, H 1973, J 1974, K 1975, N 1976, P 1977, X 1978, A 1979, B 1980.

Sasa mtego. Mwaka wa modeli wa kiwanda ulianza Agosti, sio Januari. Ile PE ya mwanzo ni Novemba, modeli ya 1971. Maana yake iliundwa Novemba 1970. Aliyeisajili mapema akaandika 1970, na hakukosea. JG vilevile: modeli ya 1972, iliyoundwa Agosti 1971.

Kuna kipindi kingine cha kuangalia. Septemba 1973 wafanyakazi wa Meriden walikifunga kiwanda wakipinga mpango wa kukiua, na mgogoro ukaendelea mpaka 1975 walipoanza kukiendesha wenyewe kwa ushirika. Pikipiki zilizokwisha kuundwa zilibaki ndani. Kwa hiyo tarehe ya namba na tarehe ya kuuzwa zinaweza kupishana sana.

Namba imefutika? Tazama mwili

Ya 1959 ndiyo peke yake yenye taa ya mbele iliyozama ndani ya kava moja na spidomita. Mwaka uliofuata taa ikawa peke yake. Mpaka 1962 injini na giaboksi vilikuwa vitu viwili tofauti. 1963 vikaunganishwa kwenye kasha moja.

Badiliko kubwa ni la 1971. Tangi la oili lililokuwa chini ya siti likaondoka, oili ikahamia ndani ya bomba la fremu. Breki ya mbele ya 1971 na 1972 ni dramu yenye umbo la koni. 1973 ikaja diski. Gia? Mguu wa kulia mpaka modeli za 1976, zilipohamia kushoto kwa sababu ya sheria za Marekani.

Vifaa vya umeme vya Lucas pia vinasaidia, maana vingi viligongwa mwezi na mwaka. Ila kifaa kimoja si ushahidi. Fundi anaweza kuwa alikifunga jana.

Bado una shaka? Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza ina kumbukumbu za kiwanda cha Triumph, na kwa malipo hutoa cheti cha tarehe. Muulize muuzaji kama anacho. Kama hana, omba picha ya karibu ya namba zote mbili, yenye mwanga wa kutosha, kabla hujatuma hata shilingi.