EPL 1994-95: Msimu ambao Blackburn Rovers walitawazwa mabingwa siku waliyoshindwa

MSIMU wa 1994-95 ulikuwa wa tatu tangu Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) ianzishwe mwaka wa 1992, na wa mwisho kushirikisha klabu 22. Blackburn Rovers waliibuka mabingwa kwa alama 89 kutokana na mechi 42, alama moja tu mbele ya Manchester United. Lilikuwa taji lao la kwanza la ligi tangu 1914. Nottingham Forest, waliokuwa wamepandishwa ngazi punde tu, walimaliza wa tatu kwa alama 77 nao Liverpool wakaridhika na nafasi ya nne.

Ni mazoea kusema kwamba ubingwa huo ulinunuliwa. Dai hilo lina ukweli wake. Jack Walker, tajiri aliyejijengea ukwasi katika biashara ya chuma, aliikuta klabu ya utotoni mwake ikisota katika daraja la pili. Oktoba 1991 alimleta kocha Kenny Dalglish, aliyekuwa amejiuzulu Liverpool miezi minane awali, na Mei iliyofuata Rovers wakafuzu kwa ligi kuu. Alan Shearer aliwasili kutoka Southampton mwaka huo wa 1992. Kabla ya msimu wa 1994-95 kuanza, Chris Sutton alinunuliwa kutoka Norwich City kwa pauni milioni 5, rekodi ya Uingereza wakati huo. Wawili hao walifunga mabao 49 ligini, 34 yakiwa ya Shearer.

Hata hivyo, fedha ziliwafikisha Rovers mlangoni tu. United wenyewe hawakuwa maskini: Januari 1995 walimtwaa Andy Cole kutoka Newcastle United katika mkataba wa pauni milioni 7. Tena waliwashinda Rovers katika mikondo yote miwili, 4-2 ugenini Ewood Park mwezi Oktoba na 1-0 Old Trafford mnamo Januari 22, Eric Cantona akifunga bao hilo la pekee kwa kichwa.

Siku tatu baadaye, Januari 25, United walizuru uwanja wa Selhurst Park kuvaana na Crystal Palace. Cantona alimpiga teke difenda Richard Shaw, akalishwa kadi nyekundu, na alipokuwa akielekea nje akamrukia kwa teke shabiki aliyekuwa akimtusi kutoka jukwaani. Mechi iliishia sare ya 1-1. Klabu ilimsimamisha hadi mwisho wa msimu, nalo shirikisho la soka la nchi hiyo (FA) likarefusha adhabu hadi Septemba 30. Mahakama ilimhukumu kifungo cha wiki mbili gerezani, kikabadilishwa katika rufaa kuwa saa 120 za kuhudumia jamii. Cole, aliyesajiliwa ili asaidiane na Mfaransa huyo, alikuwa amecheza naye mara mbili pekee.

Hapa ndipo msimu ulipoamuliwa, kwa maoni ya mwandishi huyu. Machi 4, United waliwapepeta Ipswich Town 9-0 na Cole akafunga mabao matano, hali iliyowafanya wengi waamini kwamba pengo limezibwa. Lakini katika uwanja huo huo wa Old Trafford waliambulia sare tasa dhidi ya Tottenham Hotspur, Leeds United na Chelsea kati ya Machi 15 na Aprili 17. Hizo ni alama sita zilizopotea nyumbani, katika ligi iliyoamuliwa kwa alama moja.

Rovers nao walianza kutetereka. Walipigwa 3-2 nyumbani na Manchester City, kisha 2-0 na West Ham United. Kufikia siku ya mwisho, Mei 14, walikuwa na alama 89 dhidi ya 87 za United, waliojivunia wingi bora wa mabao. Kwa hivyo ushindi wa United ungeifanya hata sare ya Rovers kuwa bure.

Ratiba ilimrudisha Dalglish Anfield, kwa klabu aliyowahi kuichezea na kuinoa. Mashabiki wengi wa Liverpool hawakutaka kuona wapinzani wao wa jadi wakifaidika, lakini vijana wao hawakulegeza. Shearer alitangulia kufunga, John Barnes akasawazisha, na katika dakika za mwisho Jamie Redknapp akapachika la pili kwa frikiki. Wakati huo kule Upton Park, Michael Hughes alikuwa amewapa West Ham uongozi kabla ya Brian McClair kuisawazishia United. Mashambulizi yaliyofuata yalikatizwa na kipa Ludek Miklosko, aliyemnyima Cole zaidi ya mara moja. Habari za sare hiyo ya 1-1 zilipofika Anfield, walioshindwa ndio waliosherehekea.

United walipoteza pia fainali ya Kombe la FA siku sita baadaye, bao la Paul Rideout likiwapa Everton ushindi wa 1-0.

Kwa kuwa ligi ilikuwa ikipunguzwa hadi klabu 20, nne ziliteremshwa ngazi: Ipswich, Leicester City, Norwich na Crystal Palace. Palace ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwani walifika nusu-fainali za vikombe vyote viwili vya nchi hiyo na kumaliza wa 19, nafasi ambayo kwa kawaida haikuwa ya kushushwa ngazi katika ligi ya klabu 22. Norwich, waliomuuza Sutton, waliporomoka baada ya Krismasi.

Dalglish aliacha ukocha wa Rovers kiangazi hicho na kupewa wadhifa wa mkurugenzi wa soka, nafasi yake ikachukuliwa na naibu wake, Ray Harford. Shearer aliuzwa kwa Newcastle Julai 1996 kwa pauni milioni 15. Mwaka wa 1999 Rovers waliteremshwa, na walikuwa bado katika daraja la pili Walker alipofariki Agosti 2000. Walirejea ligi kuu mwaka uliofuata.