Hesabu ya Seli Nyeupe: Malale katika Arua na Koboko

Historia ya malale katika Nile Magharibi imezoeleka kusimuliwa kwa kumfuata mbung'o kandokando ya mito. Makala haya yanafuata seli nyeupe za damu, zinapokutwa katika maji ya uti wa mgongo.

Mwaka 1867 Julius Cohnheim, akichunguza vyura kwa hadubini, alionyesha kwamba seli hizo hupenya ukuta wa mshipa wa damu na kutoka nje. Leo hatua zake zinajulikana: tishu zikishapata uvimbe, ukuta huchomoza protini zenye kunata, seli hupunguza mwendo, hubingirika, hushikamana imara, kisha hupenya. Katika ubongo ukuta umebana zaidi. Zikionekana nyingi upande wa pili, hudhaniwa kuwa vimelea navyo vimevuka. Aldo Castellani alikwisha kuviona katika maji hayo huko Entebbe, mwaka 1903.

Hivyo tiba ikawa suala la kuhesabu. Mgonjwa mwenye seli zaidi ya 5 kwa mikrolita alihesabiwa kuwa katika hatua ya pili, akadungwa melarsoprol, dawa ya aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949 na iliyoua takribani mgonjwa 1 kati ya 20. Mpaka huo wenyewe ulibishaniwa. Wapo waliopendekeza 20. Ni vigumu kupata nambari ndogo iliyobeba uzito mkubwa kiasi hicho. Tena madhara yaliyoogopwa zaidi yalikuwa uvimbe wa ubongo, unaodhaniwa kuchochewa na kinga ya mwili yenyewe.

Huko Omugo, wakati huo ndani ya wilaya ya Arua, jaribio la kuchanganya dawa lilianza mwaka 2001, likakatizwa mapema kwa sababu mchanganyiko wa melarsoprol na nifurtimoksi ulidhuru mno. Mchanganyiko wa eflonithini na nifurtimoksi ndio uliotia matumaini. Mwaka 2009 uliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mwaka 2022 Shirika hilo lilithibitisha kuwa malale ya aina ya gambiense si tena tatizo la afya ya umma Uganda. Vidonge vya feksinidazoli, katika mwongozo wa mwaka 2019, vimewaondolea wengi sindano ya mgongo. Lakini panaposhukiwa ugonjwa mkali, hesabu hurudi, na mpaka sasa ni 100. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, ambako ugonjwa bado upo. Mgonjwa atakayevuka huko akiwa amechanganyikiwa akili atamhitaji mtu wa kutoa maji hayo na kuhesabu seli, na kadiri wagonjwa wanavyopungua, wahudumu wa maabara hukosa pa kuzoeza mikono.