Sani na Historia ya Vibonzo vya Mjini

Vibonzo vya Kiswahili, yaani hadithi zinazosimuliwa kwa mfululizo wa picha na maneno machache, vililelewa kwanza katika magazeti yenye mamlaka nyuma yake. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory mwaka 1967, alitokea katika Uhuru, gazeti la chama tawala cha TANU. Upya wa Sani, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ulikuwa hasa katika chanzo cha riziki yake, kwa kuwa lilisimama kwa shilingi za wasomaji, bila ruzuku ya chama wala serikali.

Zama hizo hazikuwa rahisi kwa mchapishaji mdogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, vyombo vikuu vya habari viliingia mikononi mwa dola na chama, Sheria ya Magazeti ya 1976 ikaipa serikali uwezo wa kulifungia gazeti lolote, na waandishi walihimizwa kujenga ujamaa kwa kalamu zao. Sani lilichagua njia ya pembeni, likaelekeza mzaha wake mitaani zaidi kuliko Ikulu. Wahusika wake, kama Ndumilakuwili aliye tapeli, Madenge aliye mtoto mtundu, Kipepe, Lodilofa na Pimbi, hawakuwa mifano ya raia mwema. Mmoja wa wachoraji waliowapa sura na mwendo alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na kazi hiyo ikaendelezwa na mikono mingine.

Mvuto wa jarida ulitokana na ukaribu huo na maisha ya mitaani. Katika miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya 1978 na 1979, wakati sukari na sabuni zilipopatikana kwa ulanguzi, yaani kwa biashara ya magendo yenye bei ya kuruka, na serikali ikaanza mwaka 1983 kuwasaka wahujumu uchumi, msomaji wa Magomeni au Manzese jijini Dar es Salaam aliweza kumcheka tapeli wa kwenye picha huku akitambua ndani yake jirani yake, au hata nafsi yake.

Lawama nazo zilichipuka hapohapo. Walinzi wa maadili waliona kwamba vibonzo vya namna hiyo vilipamba ulevi, uzinzi na utapeli. Wapenzi wa Kiswahili sanifu hawakufurahia lugha ya mitaani iliyotumika humo. Na mtu anayevisoma leo atabaini kuwa mara nyingi mwanamke alichorwa kama mtego wa mwanamume, sura yake ikiwa chambo cha kuuzia nakala. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwani inaonyesha kwamba soko nalo lilikuwa bwana. Chapisho lisilolishwa na serikali halikulazimika kuhubiri siasa yake, lakini lililazimika kupendwa kila toleo, na wepesi wa kupendwa ulipatikana katika mzaha uliokwisha kuzoeleka.

Magazeti binafsi yalipoongezeka baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, upekee wa Sani wa kujitegemea ulipungua, ilhali mgongano kati ya uhuru wa kuchora na sharti la kuuza ukawa urithi wa tasnia nzima ya vibonzo nchini Tanzania.